Mkwe Wangu Ndiye Daktari wa Meno

Mshauri mpendwa, nakuandikia nikiwa nimeshika shavu, naomba unisaidie kabla sijaaibika. Mimi ni mama wa miaka hamsini na minane hapa Kanduyi, na gego langu la chini lilitoboka tangu mwaka jana, nikinywa chai ya moto linapiga hadi sikioni, dada yangu wa Malakisi akaniletea tumbaku nikashindilia kwenye tundu, na wiki iliyopita maumivu yakaisha kabisa nikamshukuru Mungu, kumbe shavu ndilo linaanza kufura, na tangu jana nina homa. Sasa shida ni hii: daktari wa meno tunayemtegemea hapa ni Kipyegon, mume wa binti yangu Nekesa. Mshauri, huyo kijana ana mikono! Watu wanatoka Kiminini kumfuata, hata mchungaji wetu aling'olewa jino akauliza, "Ati umeshaanza?" na jino liko tayari kwenye sahani. Najivunia mpaka basi. Lakini sisi Wabukusu mama hali chakula mbele ya mkwe, hata mkono hatupeani, sembuse nimpanulie kinywa changu chote aingize vidole! Jumatatu nilienda kliniki, nikamwona mlangoni, nikageuka nikaruka mtaro. Jioni akanipigia simu: "Mama, nilikuona. Si ukuje tu? Mwenzangu Chepkosgei atakuhudumia, mimi nitatoka nje." Nikamwambia nimepona. Nitamfukuzaje mkwe kwenye chumba chake cha kazi, watu wakiona?

Mama Nekesa, Kanduyi

Mama Nekesa, pole sana, na hongera kwa mkwe. Lakini hujapona. Jino likinyamaza lenyewe huku shavu linafura, mara nyingi mshipa wake umekufa na usaha unatafuta njia. Hiyo homa inakuambia ugonjwa unasambaa. Tumbaku haitibu, inachoma ufizi tu. Itoe, sukutua kwa maji vuguvugu ya chumvi, na usimeze dawa zilizobaki kwa jirani. Hayo ni ya kukushikilia njiani, si matibabu. Ukishindwa kumeza, kufungua kinywa au kupumua vizuri, nenda hospitali kubwa saa hiyo hiyo.

Naipenda heshima yako, na sitaki uivunje. Ila ulipokuwa unaruka mtaro na miaka yako hamsini na minane, mbona hukuogopa watu? Huyo kijana si Mbukusu, na bado amekutafutia njia ya kutunza mila yenu. Wewe ukamdanganya! Hujamfukuza, ameomba kutoka mwenyewe. Mpigie leo, sasa hivi, umwambie, "Mwanangu, nakuja." Chepkosgei atafanya kazi, Kipyegon atangoja nje na Nekesa, na hakuna atakayevunjiwa heshima. Afadhali atoke kwenye chumba chake nusu saa leo, kuliko aje nyumbani kwako amevaa suti nyeusi, asimame mbele ya waombolezaji aseme alikuona ukigeuka mlangoni.