Baba Anaomba Bastola

Jumatatu, 4 Machi
Baba ameomba leseni ya bastola! Tangu majambazi wavamie karakana yake ya kuchomelea vyuma na kumvunja mkono, hana raha. Kijiko kikianguka, anaruka.

Mjomba anamcheka. Yeye ni dereva wa lori, anaishi ng'ambo ya mpaka. Anasema kwao bunduki unanunua kama redio, na mwizi akivuka kizingiti chako unammaliza, hakuna wa kukuuliza. "Nyie huku mnabembelezana na wezi, shemeji!"

Huku afisa wa leseni huja kwanza nyumbani. Anawahoji wote, mmoja mmoja. Hata mimi!

Jumanne, 5 Machi
Nimemuuliza mwalimu wa uraia. Hapa unaruhusiwa kuua pale tu maisha yanapokuwa hatarini na huna njia nyingine. Anayekimbia hapigwi risasi. Anayebeba redio yako, vilevile.

Nikamweleza baba mezani.

"Kwa hiyo nimuulize kwanza: samahani ndugu, umefuata redio au roho yangu?"

Mama alicheka mpaka akapaliwa. Mimi pia. Baba hakucheka.

Alhamisi, 7 Machi
Mwandiko mbaya.

Nimekuwa wa kwanza kwenye hisabati, nikataka baba awe mtu wa kwanza kujua. Nikapita mlango wa nyuma wa karakana, kimyakimya, nimshtue kidogo. Mjinga mimi!

Nondo ilipita karibu na sikio langu, ikagonga mwimo wa mlango. Kishindo! Ndipo baba akaniona. Akaidondosha, akakaa chini kwenye vumbi, akanipapasa masikio yote mawili kana kwamba anahakikisha yapo. Mwanangu, mwanangu — hilo tu.

Baadaye akasema mama asijue. Nikakubali.

Ingekuwa bastola —

Sitaki kumalizia.

Ijumaa, 8 Machi
Akija afisa, labda baba atasema mwenyewe. Nadhani atasema. Baba si mwongo. Na wale majambazi hawajakamatwa, hilo nalo ni kweli. Wakirudi je?

Jumamosi, 9 Machi
Afisa yuko sebuleni. Mwanamke, mpole, amekataa chai. Nasubiri chumbani.

Mama ametoka anatabasamu. Amesema mume wake hajawahi kumwinulia mtu mkono. Ni kweli. Kwa anavyojua yeye, ni kweli kabisa!

Baba kaingia. Kakaa kidogo tu. Nimetega sikio ukutani: majambazi, mkono, kazi, majambazi. Ya Alhamisi sijayasikia. Labda aliyasema kwa sauti ya chini. Inawezekana.

Sasa amesimama mlangoni pangu. Zamu yangu.

"Mwambie tu nilivyo, mwanangu."

Nimemuuliza: ulivyo lini, baba?

Hajaondoka mlangoni. Sebuleni afisa anavuta kiti, ananiita kwa upole, mara ya pili sasa, na baba bado amesimama pale ninapotakiwa kupita —