Picha ya Moyo ya Sifa

Kwako mwanangu Mapenzi, kule Baraka,

Nianze na ile unatafuta: mutoto wako iko muzima, iko hapa anakula mandazi. We uko? Muguu ulipona? Nasikia batu ba Mboko balikimbia tena. Kama munakimbia, beba sufuria, acha nguo. Mi niko. Nasema maneno, mama wa kitanda cha jirani anaandika.

Unajua tulitumwa huku Nairobi juu ya tundu ya moyo ya Sifa. Banganga ba hospitali balisema hivi: kama hatuoni ukingo wa tundu muzuri, hatupasue, maana uzi hautapata pa kushika. Basi yote ilibaki kwa picha.

Picha haiumize. Banapaka mafuta baridi kwa kifua, banaweka kitu kama kipande ya sabuni. Inatuma sauti ndani, sauti inarudi, moyo unatokea kwa televizio, na kina yake, si bapa kama foto. Lakini ile mashini inachukua kipande moja kila pigo, kisha inaunga. Kwa hiyo mutoto abane pumzi mapigo ine.

Nikamusaidia. Nikamuwekea mukono kwa kinywa, vile nilifanya tukijificha mu mihogo wakati basoda na bunduki balikuwa banapita. Kule hakulia hata mara moja. Huku moyo ukakimbia, nikauona mi mwenyewe. Vipande vikakosana, moyo ukatokea ngazi ngazi.

"Nyanya, toa mkono," munganga wa picha anasema.

"Namusaidia."

"Anakuogopa."

Nikatoa. Nikautazama ule mukono, nikakaa. Mapenzi, sikusikia kitu ndani yangu. Najua ungetaka nikuambie nililia. Sijalia tangu tulivuka ziwa.

Siku ya tatu munganga akaleta mashini ingine, ya mbio. Ile inashika moyo wote kwa pigo moja, mutoto apumue vile anataka. Lakini picha ikajaa ukungu. Nikamuambia pale hata yeye haone kitu. Akacheka, huyu Mukenya.

"Nyanya, Kiswahili chako kimevunjika mguu."

"Na yako iko mukavu kama samaki ya ndagala. Sema."

Akasema akitaka moyo wote kwa mbio, sauti inatawanyika, inakuwa kama wavu wa macho makubwa.

"Sasa unavua ziwa yote juu ya nini? Samaki iko pa tundu."

"Ndiyo nafanya hivyo, Nyanya. Nipe nafasi."

Akapunguza, akabaki na pale pa tundu tu. Mbio ikabaki, macho ya wavu yakawa madogo. Sifa alikuwa anapumua, anauliza chakula. Tundu ikatokea kama mudomo wa chupa, na ukingo wake muzima kuzunguka yote.

"Uzi utashika," akasema.

Salimia bwana yako, amalize ile nyumba, mvua peke yake isimuogopeshe. Salimia mudogo wangu wa Nundu na muchungaji wetu. Mama mukwe wako mwambie meno yangu ingali mingi kuliko yake.

Imebaki moja. Siku ya kwanza ya juma inayokuja batamupasua. Munganga hakunificha, bengine banakufa pale pale. Balitaka kidole ya muzazi kwa karatasi ya kukubali, balikuwa tayari kungojea jibu lako. Nilikataa. Nimetia yangu. Kama Sifa hatarudi, isiwe ni we ulikubali.

Ni mimi, mama yako aliyekuzaa.