Kondoo Aliyetoka Ziwani

Kebirigo,
8 Aprili 1951

Kwa mkwe wangu Benard Otiende,

Pokea salamu zetu. Sisi huku ni wazima, mvua imenyesha vizuri na mahindi yamefika magotini. Mke wangu Nyaboke alishikwa na kikohozi, lakini sasa amepona na analima. Natumaini wewe, binti yangu Orpah na mtoto wenu Loice hamjambo huko Kisii mjini, na kwamba cherehani yako haikosi kazi.

Ninaandika kwa sababu ya yule kondoo uliyemleta baada ya Krismasi, zawadi kwa mama mkwe wako. Ulimleta na mwanawe, mdogo wa kubebwa kwapani. Mwana amekua, lakini mpaka leo ananyonya. Hupiga magoti chini ya mama yake na kumgonga kiwele kwa kichwa hata unamhurumia yule mama. Sasa mama amevimba tumbo, na kila wiki linazidi.

Ndugu yangu Walter alikuja kumtazama. Akasema, "Huyu ni mgonjwa. Wamekuletea ugonjwa wa kwao huko ziwani."

Nikamwambia labda ana mimba. Akacheka sana. "Mimba ya nani? Kondoo dume hapa kwako yuko wapi? Tena ananyonyesha! Maziwa hufunga tumbo, Joash, hilo hata mtoto analijua."

Ni kweli sina kondoo dume, na jirani zangu wana ng'ombe na mbuzi tu. Mimi mwenyewe ni mtu wa ng'ombe, kondoo simjui vizuri. Walter anataka tumchinje Jumamosi hii, kabla hajafa mwenyewe na nyama ikapotea.

Sitakuficha. Wapo wazee walioniambia tangu mwanzo nisimwoze binti yangu kwa mtu wa lugha nyingine. Wazee hao sasa wanapita hapa kila siku kutazama tumbo la kondoo. Kwa hiyo niambie kweli: alikuwa mgonjwa ulipomleta? Na je, kondoo anaweza kushika mimba wakati bado ananyonyesha?

Barua hii nampa Eucabeth muuza ndizi, anayekuja soko la huko.

Mkwe wako,
Joash Mogire


Kisii,
11 Aprili 1951

Kwa baba mkwe wangu mheshimiwa,

Shikamoo, baba. Barua yako imefika, na tumefurahi kusikia kwamba mama amepona kikohozi. Sisi tuko salama. Loice ameota meno mawili na anauma kila kitu, hata utepe wangu wa kupimia nguo. Orpah anawasalimu nyote. Kazi ipo, shule zinafunguliwa na watoto wanataka kaptura.

Mimi nimekulia kwenye cherehani ya mjomba, na mambo ya kondoo nayajua kwa kuyasikia tu. Basi jana nilifunga kazi nikaenda Suneka, ambako mama yangu Akong'o huuza samaki siku ya soko. Yule kondoo ametoka katika zizi lake. Nilimsomea barua yako hapo hapo kati ya vikapu.

Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mwambie mkwe wangu kwamba dume langu hulala zizi moja na majike mwaka mzima. Yeye haulizi nani ananyonyesha." Wanawake wa pale walicheka hata mimi nikaona haya.

Lakini baada ya hapo alizungumza kwa makini. Anasema kondoo anaweza kabisa. Si wote, wengi hukaa bila mimba mpaka mwana aache kunyonya, na aliyekonda hukaa zaidi. Ila jike lenye afya, likiwa na malisho mazuri, hurudi kwa dume mwana wake akiwa bado mchanga. Huyu huenda alishika mimba kule kwetu kabla sijamleta. Hata yeye hakujua, na anasema angejua asingenyamaza, angejisifu.

Namna ya kumpima ni hii. Mfunue ukope: ukiwa mweupe, ana minyoo. Mguse chini ya taya: pakiwa na uvimbe laini kama mfuko wa maji, ni mgonjwa. Tumbo likijaa upande wa kushoto na kutoa sauti kama ngoma ukiligonga, ni gesi. Lakini likishuka chini upande wa kulia, mpe maji ya baridi asubuhi, kisha weka kiganja ubavuni na ungoje.

Kama ni mimba, mwana huyo mkubwa aachishwe sasa. Mama amechoka. Mpeni majani ya viazi vitamu na chumvi kidogo.

Na kama baada ya hayo wazee wataona bado achinjwe, sitakasirika. Nitaleta mwingine. Ila naomba, baba, kabla ya Jumamosi uweke kiganja.

Mkwe wako mtiifu,
Benard Otiende


Kebirigo,
19 Aprili 1951

Kwa Benard,

Salamu kwako, kwa Orpah na kwa Loice mwenye meno. Hapa hatujambo, ila baridi ya asubuhi ni kali.

Barua yako ilifika Ijumaa jioni. Jumamosi Walter alikuja mapema na kisu chake, na vijana wawili wa kushika miguu. Nikawaambia wakae kwanza wanywe uji. Nyaboke alileta maji ya kisimani. Tukamfunua ukope, ni mwekundu. Taya ni safi. Kondoo akanywa, nami nikapiga magoti na kuweka kiganja ubavu wa kulia.

Nilingoja mpaka Walter akaanza kukohoa kwa makusudi. Halafu kitu kikanigonga mkononi. Kidogo, kama mtu anayebisha mlango wa jirani asijue kama wamelala.

"Weka mkono wako," nikamwambia Walter.

"Siweki. Hiyo ni gesi inatembea. Kondoo anayenyonyesha hana mimba."

Hapo Nyaboke, ambaye kwa kawaida haingilii maneno ya wanaume, akaweka kibuyu chini. "Shemeji," akasema, "mama yenu, Mungu amrehemu, aliniambia mwenyewe kwamba wewe uliingia tumboni Joash akiwa bado ananyonya. Alilia machozi, na wanawake wenzake wakamcheka njiani. Sasa wewe ulikuwa mimba, au ulikuwa gesi?"

Benard, wale vijana walikimbilia nyuma ya ghala ili wasicheke mbele ya mkubwa wao. Walter alichukua kisu akaondoka, uji ukabaki nusu. Alipofika langoni akageuka: "Akifa, mtamla peke yenu!"

Kondoo yu hai. Mwana tumemtenga na analalamika kutwa nzima. Mama yako Akongo (sijui kama nimeandika jina vizuri) mpe salamu zangu nyingi. Simjui uso, lakini nimempenda kwa maneno yake.

Mkwe wako,
Joash Mogire


Kisii,
27 Mei 1951

Kwa baba,

Shikamoo. Natumaini mko wazima, maana ni siku nyingi hatujapata neno kutoka kwenu. Sisi hatujambo, isipokuwa Loice alipata homa wiki iliyopita; sasa anacheza.

Baba, niruhusu niseme wazi. Eucabeth hakuonekana sokoni muda mrefu. Wiki hii dereva wa lori la mahindi aliniambia kwamba kwa Mogire wa Kebirigo kulichinjwa kondoo, na watu wakala nyama hadi jioni. Nilimuuliza ni kondoo gani. Akasema yeye alipewa nyama, hakuulizia jina lake.

Nilimwambia Orpah. Akaendelea kufua. Baadaye niliona amefua shati moja mara mbili. Nadhani hakuwa anamlilia kondoo. Anafikiri wale wazee wamekushinda, na kwamba barua zetu sasa zimekwisha. Tangu uanze kuniandikia, yeye huzisoma kila jioni kwa sauti, hata zile za zamani.

Kama mlimchinja, mlikuwa na sababu. Mama yangu amekwisha kuchagua mwingine, na nitamleta siku utakayosema. Ninachoomba ni neno moja tu kutoka kwako, hata likiwa la hasira.

Mwanao,
Benard


Kebirigo,
30 Mei 1951

Kwa mwanangu Benard na binti yangu Orpah,

Salamu nyingi, nyingi sana. Sisi ni wazima kupita kiasi. Pole kwa homa ya mtoto, na pole kwa kimya changu. Eucabeth alivunjika mguu kwenye utelezi, na mimi sikutaka kuandika kabla ya kuwa na neno la hakika.

Sasa ninalo. Kondoo amezaa mapacha, jike na dume. Jike alisimama mara moja. Dume alikuwa dhaifu, hawezi hata kuinua kichwa, na Nyaboke akamweka karibu na jiko na kumnywesha maziwa ya mama yake kwa kidole. Kwa siku kadhaa hatukujua kama ataishi. Ningeandika nini? Jana amemfukuza kuku. Ndiyo maana leo nimeshika kalamu.

Nyama ile ni kweli ililiwa. Walter aliposikia habari alikuja, akainama zizini akawatazama wale wadogo. Kisha akarudi kwake, akarejea anamvuta mbuzi wake beberu mnene. Akasema mbele ya wazee, "Nilisema tutakula nyama hapa. Mimi sirudishi maneno yangu." Wakala wote, pamoja na wale waliokuwa wanahesabu makosa yako. Dereva wako hajui mbuzi na kondoo, usimsikilize tena.

Mapacha ni wenu, walikuja bila kuitwa. Lakini Nyaboke anasema hawatoki hapa mpaka Orpah aje awachukue mwenyewe na Loice mgongoni.

Nami siwezi kungoja hilo. Sijawahi kuingia nyumba ya binti yangu wala kumwona mjukuu wangu. Desturi yetu inasema baba mkwe haendi kwa mkwe wake mpaka aitwe kwa heshima, na mahali pa kukaa pawe pametayarishwa. Mimi sijaitwa, na siwezi kungoja. Jumamosi nitapanda lori la mahindi, hilo hilo la yule dereva, na nimemwomba mama yako Akong'o kupitia wauza samaki aje naye, tuonane uso kwa uso. Usijibu barua hii. Ikichelewa nikaitangulia, ikifika mnipe niwasomee mwenyewe.

Baba yenu,
Joash