Mafuta ya Cherehani Kwenye Injini ya Mashua

Baba mkwe wangu mpendwa,

Jana nilikuwa nikipanga shajara zangu za zamani sandukuni, kila mwaka mahali pake, nikafika kwenye ile ya mwaka ambao Mto Athi ulifurika mpaka mashamba ya pamba. Katikati yake pana ukurasa uliochanwa. Wewe ulijua kwa nini ulichanwa, na hukumwambia mtu. Kwa hiyo nakuandikia wewe, ingawa huu ni mwaka wa sita tangu tukuzike.

Unakumbuka tulivyoishi. Kwa miaka minne tangu mwanao Mutua anioe, mimi na wewe hatukuwa tumesemezana hata mara moja. Ulikuwa mzee wa kanisa, lakini nthoni uliishika kama ulivyoachiwa na baba yako: mke wa mwana hamkaribii baba mkwe wake, wala hawatazamani usoni. Nikikuona njiani nilipita vichakani. Ukija nyumbani ulikohoa mara mbili ungali mbali, nipate kutokea mlango wa jikoni. Ukiwa na neno la kuniambia, lilipitia kwa Mama, mkeo. Sikuona vibaya. Ila kikohozi chako nilikijua kuliko uso wako.

Ile injini ya mashua yako uliinunua ikiwa kuukuu kwa kalasinga mmoja wa Makindu, ambaye gerejini kwake ndiko ulikojifunza ufundi. Ilikuwa na silinda mbili, moja juu ya nyingine. Ilifanya kazi wiki chache tu kwa mwaka, mto ulipojaa na sisi wa upande wa Kitui tukashindwa kuvuka kwa miguu kwenda Makueni. Miezi mingine yote ililala nyumbani kwangu, kwa kuwa nyumba yangu ndiyo iliyokuwa na mabati na kufuli.

Siku ile Mama aliamka tumbo limekaza kama ubao. Hospitali ya karibu ilikuwa ng'ambo. Wanaume wawili wa jirani walimlaza kwenye godoro ndani ya mashua, ukavuta kamba, injini ikawaka, na papo hapo ukaizima.

"Inamisi," ulisema. "Silinda moja imekufa. Kwa maji haya tutabebwa mpaka Tsavo."

Mutua alikuwa kazini Mombasa. Wale majirani walikuwa na nguvu za kusukuma mashua, lakini plagi na msumari kwao vilikuwa kitu kimoja. Wewe ulijua kila kitu, ila macho yako wakati huo yaliona kilima na hayakuona tundu la sindano. Ukamwambia Mama, "Mwambie mke wa Mutua aje. Yeye amesoma." Ukaenda kukaa kwenye jiwe, hatua kama kumi hivi, ukaupa mto mgongo, uso ukielekea kilima.

Ndivyo tulivyoanza. Ulisema neno, Mama akalirudia akiwa amelala pale, mimi nikalifanya.

"Anasema uiwashe, halafu uchomoe waya wa plagi mmoja mmoja. Ushike kwa kitambaa kikavu."

"Nimesikia, Mama."

"Anasema usikilize vizuri."

"Nasikiliza."

"Mimi ndiye mgonjwa, na mimi ndiye simu," Mama alisema, na wale majirani wakacheka.

Nilichomoa waya wa juu, injini ikazima. Niliurudisha, nikaiwasha tena, nikachomoa wa chini, na mlio haukubadilika hata kidogo. Hukumngoja Mama. Ulikiambia kile kilima, "Ya chini!"

Basi tukaifuata silinda ya chini. Nilifungua plagi zote mbili. Ya juu ilikuwa kavu, rangi ya kahawia. Ya chini ilikuwa imelowa petroli ambayo haikuungua. Ukaniagiza nizibadilishane. Nikafanya hivyo, na bado silinda ya chini ndiyo iliyokuwa imekufa, kwa hiyo kosa halikuwa la plagi. Ukaniagiza nizibe tundu kwa kidole gumba na kuvuta kamba. Pumzi ilisukuma kidole changu kwa nguvu, kwa hiyo pistoni ilikuwa nzima. Mwisho ukaniagiza niilaze plagi juu ya chuma cha injini, waya ukiwa umechomekwa, nivute kamba na kutafuta cheche. Nilijifunika leso kichwani ili nipate giza. Kwa waya wa juu niliona cheche ya buluu. Kwa waya wa chini sikuona kitu.

"Hakuna moto, Mama."

Mama hakuirudisha habari hiyo. Alikuwa amekunja magoti, ameuma ncha ya shuka, macho amefumba. Ile simu yetu ilikuwa imekatika.

Baba, hapo ndipo nilipojua nilichofanya. Juu ya injini palikuwa na gurudumu zito linalozungushwa na kamba, nalo lilikuwa na kidirisha. Ndani yake, chini, mlikuwa na pointi, vile vyuma vidogo vinavyogusana na kuachana ili cheche ipatikane, jozi moja kwa kila silinda. Wakati wa kiangazi nilikuwa nimeona kutu kidogo pale. Mimi ni mshonaji, na cherehani isipotiwa mafuta hulia. Kwa hiyo nilichukua chupa yangu ya mafuta ya cherehani nikatia kwenye kile kidirisha, kwa roho safi kabisa. Kidirisha kilikuwa kimesimama upande wa silinda ya chini. Sikukuambia. Mke wa mwana angemwambiaje baba mkwe kwamba amegusa kitu chake?

Ulianza kuita kutoka kwenye jiwe. "Anasemaje? Kuna moto?" Mama alizidi kuuma shuka. Niliutazama mgongo wako, nikamtazama Mama. Nikasema kwa sauti kubwa, mbele ya watu:

"Baba, hakuna moto. Ni mimi. Nilitia mafuta kwenye pointi."

Wale majirani waliinamisha vichwa. Niliingoja hasira yako. Wewe ulisimama, ukageuka, ukaja mpaka kwenye mashua, ukanitazama usoni.

"Mafuta gani?"

"Ya cherehani, Baba."

"Ah. Hayo ni mepesi, yatatoka. Una karatasi safi? Ngumu kidogo."

Mfukoni nilikuwa na shajara. Nilichana ukurasa wa siku ile, ambao ulikuwa bado mtupu. Ukanionyesha kuloweka ncha yake kwa petroli, kuipitisha katikati ya vyuma vile, kisha kupitisha ncha kavu, tena na tena, mpaka itoke bila doa. "Polepole, binti," ulisema. "Kama unapangusa jicho la mtoto."

Ilipowaka, mlio ulikuwa mmoja, umejaa. Uliinamisha kichwa ukausikiliza, kisha ukasema, "Tusukumeni."

Mama alipasuliwa siku hiyo hiyo, na daktari alisema tungechelewa kidogo tu tungempoteza. Majirani ambao hawakuwepo walipokuuliza injini ilikuwa na nini, ulijibu, "Unyevu." Baada ya muda nilithubutu kukuuliza, "Baba, mzee wa kanisa, ulidanganya?" Ukanijibu, "Kwani mafuta ni makavu?" Ukacheka mpaka ukakohoa.

Wiki ile ile ulininunulia blanketi jekundu, ukalileta wewe mwenyewe hadi mlangoni bila kukohoa kwanza. Ulisema ni la kumaliza nthoni kati yetu. Kuanzia hapo ulikuwa ukiketi kwenye kigoda jikoni kwangu ukinieleza habari za kabureta nikisonga ugali.

Asante, Baba. Asante kwa kugeuka. Ungeweza kunikemea, na ningestahili. Ungeweza pia kubaki kwenye lile jiwe, na hakuna mtu wa ukoo ambaye angekulaumu. Mama yuko hai, amezeeka, na blanketi lile amenipokonya. Anasema mimi nilipata mwalimu wa injini, yeye alipata kovu tu.

Ukurasa uliokosekana katika shajara yangu ndio huu. Leo nimeuandika, nitaukunja niutie pale ulipochanwa.

Pumzika vyema, Baba.

Ni mimi binti yako, mke wa Mutua