Kijito Nilichokikausha

Ibra, Omani, Alkhamisi, baada ya Magharibi

Leo nimemdanganya Bibi yangu, na kwa uongo huo maji yetu hayakuuzwa. Sijamwambia mtu yeyote. Nakuambia wewe kwanza, na labda wewe tu.

Joto limelegea wiki hii. Ilikuwa siku nzuri ya kukaa kimya, na kukaa kimya ndiyo kazi yangu humu nyumbani tangu nilipomaliza skuli.

Maji ninayosema ni zamu ya Bibi katika falaj, ule mfereji unaopita chini ya ukuta wa mtaa wetu wa kale. Zamu yetu ikifika, maji hugeuzwa yakaingia kwenye mitende yetu. Ikiisha, yanakwenda kwa jirani. Bibi amezaliwa Unguja. Zamu hii ameachiwa na baba yake, aliyetoka hapa kijana asirudi tena. Hapa ardhi ina bei yake na maji yana bei yake, na Baba anataka kuyauza maji amalizie nyumba mpya kule uwandani, kando ya barabara ya lami. Nusu ya majirani wameshahamia huko. Mnunuzi alikuwa aje leo baada ya Laasiri.

Sasa Bi Jean. Ni mke wa daktari Mwingereza, na mimi huenda kwake kusoma Kiingereza. Akichoka na kitabu hunihadithia mtaa wao wa kule Uingereza. Leo ni nyumba tu za watu wa kazi za ofisini, lakini zamani, kabla hata ya Wareno kufika Maskati, palikuwa na wakulima wachache na kijito. Wakaja watawa wakajenga kinu cha kusagia ngano, kikizungushwa na maji ya kijito hicho. Yakaja maradhi, wengi wakafa. Baada ya miaka mingi ikaja reli, mashamba yakageuka nyumba. Barabara ya kwao bado inaitwa Mtaa wa Kinu.

Naona haya kusema kwamba naujua mtaa ule kuliko huu alikozaliwa baba wa Bibi.

Mchana tulikuwa tunakula.

"Mama, akija yule bwana wewe sema ndiyo tu, mengine niachie mie," alisema Baba.

"Na mitende?"

"Tutachimba kisima, tutatia pampu. Watu wote wanatia pampu, Mama."

Bibi alikuwa anatoa kokwa ya tende, polepole, na nikaona anataka kukubali. Hapo nikasikia sauti, kumbe ni yangu.

"Kwao Bi Jean waliuza kijito chao."

Baba akacheka. "Lo! Bubu wetu leo kapata ulimi, tena wa Kizungu!"

"Hebu mwache," alisema Bibi. " Walikiuza, halafu?"

"Kikatiwa bombani, chini ya barabara. Sasa watoto wanakaa Mtaa wa Kinu na hawajui kinu kilikuwa cha nini."

Bibi akaosha vidole. "Mwambie huyo bwana asije," alimwambia Baba. "Miye nilipofika hapa, nani alinijua? Nilipotaja jina la baba yangu ndiyo wakasema, ah, wale wenye zamu ya Ijumaa alfajiri. Wallahi, maji ndiyo yaliyonijua."

Baba aliondoka bila kunywa kahawa.

Na kijito hakikuuzwa. Kinapita nyuma ya nyumba ya mama yake Bi Jean mpaka leo, kina bata, na Bi Jean alijifunza kutembea ukingoni mwake. Watawa wamekwenda, kinu kimebomoka, hata lugha waliyosema wakulima wale hakuna anayeijua tena. Kilichobaki ni kijito, na hicho ndicho nilichokikausha mimi.

Kwa nini sikusema kweli? Labda kweli ingetosha. Lakini niliogopa kwamba kijito kilicho hai hakimtishi mtu.

Namfikiria Baba pia. Nyumba yake haina milango bado. Anataka mama yake alale penye baridi, basi. Hilo si kosa.

Nilidhani nitanyamaza na mambo yatapita. Lakini kesho Bi Jean anakuja kula kwetu, na Bibi ameniita jikoni akaniambia, "Nataka nimpe pole, masikini, ya maji yao." Baba atakuwa upande wa wanaume. Bi Jean hajui Kiswahili, Bibi hajui Kiingereza.

Mkalimani ni mimi.

Sijui kesho nitafasiri nini. Ila wewe uliyesoma mpaka hapa, nakuomba: kijito bado kinapita. Usimwambie Bibi.