Dirisha la Dada Linasifiwa, Dirisha la Nne Linafungwa

Shangazi mpendwa, naomba msaada wako, na tafadhali nisome mpaka mwisho kabla hujaanza kunigombeza, maana najua utanigombeza tu.

Mimi ni mtakwimu katika ofisi ya serikali ya kuwatafutia watu kazi, na nimepewa jukumu la kupima kama fedha ya umma inayoingia pale inawarudishia wananchi chochote, kwa sababu wakubwa wanabana matumizi na wamesema dirisha la huduma lisilo na faida lifungwe. Sasa dirisha la kwanza linasimamiwa na dada yangu mkubwa, aliyenilea na kunisomesha baada ya mama kufariki, na ndilo linalosifiwa kila mkutano, kwani madereva, makarani na mafundi umeme wanapita pale na wiki haiishi wameshaitwa kazini, ilhali dirisha la nne, la watu waliokaa bila kazi muda mrefu, wenye umri mkubwa na waliotoka gerezani, linawapatia kazi mmoja mmoja kwa taabu, na bwana anayewahudumia tunamwita Pole Pole, maana anaweza kukaa asubuhi nzima na mtu mmoja, ampigie mwajiri, amsindikize mpaka kiwandani, halafu arudi tena baadaye kuuliza kama anaendelea vizuri.

Basi mvua za mwaka huu paa likavuja, ofisi ikafungwa kwa matengenezo, waliokuja wakakuta kufuli, mlinzi akawaandikia namba za simu na kazi wanayotafuta, nami nikasema mizani ndiyo hii, nikawapigia waliohudumiwa kabla ya paa kuvuja, kisha nikawapigia waliokuta kufuli. Shangazi, sikia nilichokuta! Watu wa aina anayoihudumia dada waliokuta kufuli wamepata kazi karibu sawa na waliohudumiwa, dereva mmoja hata akanicheka, "Mimi nilishakuwa barabarani kabla paa lenu halijakauka," lakini wale wa dirisha la nne waliokuta kufuli wengi bado wako nyumbani, na wenzao waliopita kwa Pole Pole wako kazini, akiwemo Mama Cherehani, anayeshona mashuka ya hospitali, analipa kodi, hachukui tena posho ya serikali, na amewatoa wanawe kwa wifi yake aliyekuwa akiwasimanga.

Nilipomdokeza dada tukiwa mezani, aliweka kijiko chini akasema, "Yaani nimekulea uje uninyoe bila maji?" Ripoti inasomwa Jumatatu. Niandike kama tulivyozoea, kwamba kila aliyepita kwetu akapata kazi kaipata kwa sababu yetu, au niseme ukweli nimkose dada?

Mimi, Mdogo wa Dada

*

Mdogo wa Dada,

Pole, mwanangu. Aliyekulea akikununia hata chai haishuki, nalijua hilo. Pole imeisha, sasa kaa vizuri tuseme.

Si unajua kwamba hata jogoo asipowika kutakucha? Basi madereva wa dada yako ndio huko kukucha. Wangepata kazi tu. Miaka yote ofisi yenu imekuwa ikimpigia jogoo makofi, na Pole Pole, anayemwinua mtu asiyeinuka peke yake, mnamcheka kwa mwendo wake. Hapo umepima vizuri, na usimruhusu mtu akutoe kwenye mstari.

Lakini na wewe una makosa. Eti ulimdokeza! Jambo zito namna hiyo unalidokeza mtu akiwa na kijiko mdomoni? Halafu unaandika kana kwamba dada yako na dirisha ni kitu kimoja. Dirisha ni mbao na kioo. Dada yako ni mtu anayewajua waajiri wa mji mzima kwa sauti zao. Hebu fikiri akikaa kiti kimoja na Pole Pole itakuwaje.

Na usikimbilie kupiga vigelegele. Umeuliza kama Mama Cherehani aliingia nafasi iliyokuwa wazi, au kuna fundi mwingine aliyetolewa ili yeye aingie? Kama kuna aliyetolewa, mmehamisha njaa kutoka nyumba hii kwenda nyumba ile, na hiyo haiitwi faida. Piga simu tena. Jibu likiwa baya, liandike vilevile.

Kisha fanya hivi. Jumapili nenda kwa dada, peke yako, bila mtu wa kuwaamulia. Mpe simu azungumze na wale madereva mwenyewe, halafu azungumze na mmoja wa dirisha la nne aliyekuta kufuli. Asikie kwa masikio yake. Mwombe, kwa adabu ya mdogo kwa mkubwa, asimame nawe Jumatatu na apendekeze yeye kuhamishia nusu ya watumishi wake dirisha la nne. Akikubali, heshima ni yake. Akikataa, muage vizuri, uondoke, na Jumatatu usome ripoti kama ilivyo bila kumung'unya maneno.

Atanuna, ndiyo. Madada wakubwa hununa, kisha hupiga simu kuuliza kama umekula. Lakini ukiandika uongo dirisha la nne likafungwa, yule aliyekuta kufuli siku za mvua atalikuta tena, na safari hii umelifunga wewe.