Kikapu cha Njia ya Sita

Kiukonsalo,
Jumapili, 20 Agosti 2023

Dada yangu mpendwa Marketta,

Pokea salamu zangu kutoka nyumbani, na kabla sijasema lolote naulizia hali yako. Goti limepoa tangu ile baridi ya Februari? Shemeji Börje hajambo? Na wale wajukuu mapacha wameshasimama, au bado wanakimbizana kwa magoti? Mimi mwili haujambo. Nyumba ya baba ipo, ingawa paa la upande wa sauna limeanza kuvuja. Hilkka, jirani yetu aliyekuwa akitupikia uji shuleni, anakusalimu sana. Ametimiza miaka themanini na mbili, na ulimi wake haujazeeka hata siku moja.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu ungenikatiza. Najua hutaki kusikia habari za kaka yetu Oiva. Hukuja kumzika mwezi wa Mei, na sikukulaumu siku ile wala leo sikulaumu. Ila nakuomba usome mpaka mwisho, hata kama utasoma umekunja uso.

Mwezi uliopita halmashauri iliniandikia kwamba Septemba watang'oa vikapu vyote vya uwanja wa visahani nyuma ya shule, vile vya chuma vyenye minyororo ambavyo mchezaji hulenga kisahani chake kiingie. Shule imefungwa miaka kumi na mmoja sasa, uwanja hauna mchezaji, vyuma vimeshika kutu. Waliuliza kama familia ya marehemu ingependa kubaki na kikapu kimoja, kwani wanajua ni nani aliyekuwa akiutunza. Nikaona kabla ya kuwajibu nije niucheze mara ya mwisho, njia zote tisa, kila moja na kikapu chake. Nikachukua likizo, nikapanda basi kutoka Tampere na visahani vitatu vya Oiva mkobani.

Wewe ulihamia Uswidi kiangazi kile kile wanakijiji walipokuwa wakisimamisha vikapu, kwa hiyo hukuuona ulipopendeza. Oiva aliufyeka kwa mikono yake miaka yote baada ya halmashauri kuacha, mpaka moyo ulipomlaza miaka miwili iliyopita. Miaka miwili tu, dada, na msitu umeshaurudisha kuwa wake. Kwenye njia ya kwanza miti michanga imenipita kimo. Mbao za kusimamia mrushaji kwenye njia ya pili zimeoza, na sisimizi wamejenga kichuguu pale pale mtu anapoweka mguu. Kikapu cha tatu kimeangushwa na mnyama mkubwa wa msituni, kimelala kifudifudi na minyororo yake imejaa majani. Mimi kurusha sikuwahi kujua, unanikumbuka, na siku hiyo nilirusha vibaya kuliko kawaida. Nilitumia muda mwingi zaidi kutafuta visahani vichakani kuliko kucheza. Kwenye mti mmoja nilikuta fagio la Oiva limening'inizwa kwa kamba ya plastiki, lile la kufagilia theluji kwenye mbao.

Hilkka alinikuta njia ya tano akiwa na ndoo yake, akichuma matunda ya buluu, yale madogo yanayoota chini msituni. Aliniangalia nilivyokuwa najipiga makofi ya shingo, akauliza kama nimetoka Tampere kuja kurusha visahani au kulisha mbu. Nikamwambia vyote viwili. Akasema, "Basi mbu ndio wanaoshinda, mwanangu," kisha akanifuata nyuma polepole, akidai anataka kuona kama bado narusha kama mtu anayefukuza kuku.

Njia ya sita ndiyo ile inayopanda kilima. Ukisimama kwenye mbao huoni kikapu, kiko upande wa pili, bondeni. Wachezaji wana desturi: mmoja hutangulia juu ya kilima aangalie kisahani kinapotua, ndipo mwenzake arushe. Na mtu akiingiza kwa mrusho mmoja tu, jambo ambalo wengi hufa bila kulipata, haihesabiwi mpaka aliyeona aandike jina lake kwenye kisahani kuwa shahidi. Nilifika pale na mkono ukakataa. Nilikaa kwenye mbao za kusimamia nikalia kama mtoto, mtu mzima wa miaka arobaini na moja.

Sasa, dada, lile nililokuja kukuambia.

Unakumbuka Agosti ya mwaka 2004. Shemeji alikuwa amempatia Oiva kazi kwenye karakana huko Uswidi, wewe umemtandikia kitanda, tiketi ya meli ameshika mkononi. Baba alikuwa kitandani nusu ya mwili imekufa, na mimi ndiye niliyekuwa nibaki naye. Alasiri ya mwisho tulikwenda kucheza. Kwenye njia ya sita Oiva alinituma juu ya kilima, akanipigia kelele kwa utani wake: "Dogo, hiki kikiingia kwa mara moja, siendi popote! Nabaki kumenya viazi na wewe!" Akarusha. Kisahani kilipita juu ya kichwa changu, kikatua kwenye majani, hatua mbili kutoka kwenye kikapu.

Hakikuingia, Marketta. Niliteremka mbio, nikakiokota, nikakitupia kwenye minyororo kwa nguvu ili ilie, kisha nikapiga ukelele kwamba kimeingia. Niliogopa. Niliogopa kubaki peke yangu na baba, na sauti yake ile ya kuguna usiku na mchana, na majira ya baridi yanakuja. Oiva alifika anahema, akakitoa kisahani kikapuni, akakiangalia kidogo, kisha akanikumbatia na kucheka. Akanipa kalamu. Nikaandika jina langu kuwa shahidi.

Wewe ulikwenda na watoto bandarini Stockholm, mkasimama mpaka abiria wa mwisho akashuka. Jioni alipokupigia na kukuambia kisahani kimeingia kwa hiyo anabaki, ulimwambia akae na vikapu vyake na asikupigie tena. Nilikuwa nimesimama karibu na simu. Ningeweza kusema neno moja. Sikusema siku ile, wala miaka kumi na tisa iliyofuata, na yeye hakukupigia tena kwa sababu ulimkataza.

Haya yote nilimwambia Hilkka palepale kwenye mbao. Nilitegemea atanitukana, ana mdomo wa kutosha. Badala yake aliweka ndoo chini na kuniambia kwamba anajua, amejua tangu wiki ile ile. Oiva alimweleza akinywa kahawa jikoni kwake. Kisahani alichokitoa kikapuni kilikuwa na maji ya matunda ya buluu upande wa chini, na matunda hayaoti hewani; kilikuwa kimetua chini kwanza. Nilikuwa nimesahau kukifuta. Hilkka alimuuliza kwa nini basi hapandi meli nyingine. Akajibu, "Dogo akifika mahali pa kunidanganya ili nibaki, ujue amezidiwa. Nitamwachaje?" Na alimwapisha Hilkka asikuambie wewe kamwe, maana alisema hasira yako ingenigeukia mimi, mdogo wenu, na mimi sina pa kuiweka.

Dada, alijua. Alibaki akijua. Alimwosha baba na kumlisha miaka miwili, na baba alipokufa mimi nilifungasha nikahamia Tampere kabla hata mwezi haujaisha. Oiva ndiye aliyenibebea mkoba mpaka kituoni. Aliniuliza jambo moja tu, kama nitakuja kiangazi tucheze. Nikasema nitakuja. Kwa miaka kumi na saba nimekuja mara nne. Nilimzuia asiende kwa sababu sikutaka kubaki peke yangu, kisha nikamwacha peke yake.

Halmashauri nimewajibu kuwa tunakitaka kikapu cha sita. Wataanza kung'oa tarehe kumi na nane Septemba. Nipo hapa mpaka siku hiyo, nafyeka njia kidogo kidogo kwa panga la baba. Kaburi la Oiva liko upande wa mashariki wa kanisa, karibu na mama, na jiwe bado halijawekwa kwa kuwa sikutaka kuamua maneno bila wewe. Ukija nitakupokea kituoni. Ukiona huwezi kukaa nyumba moja na mimi, Hilkka ana chumba, na ameshafua mashuka bila kuniuliza. Hasira uliyomwekea Oiva ni yangu, nipe mimi yote. Yeye mwondolee, hakuwahi kukukosea.

Nisalimie shemeji na watoto, na wapakate mapacha kwa niaba yangu. Hilkka anasema nikuandikie kwamba atakuokea mikate ya iliki, na kwamba uje na viatu vya mpira.

Mdogo wako, aliyeshuhudia uongo,
Ilpo